Kuacha sigara, shisha na vepu kabla AVC (kiharusi) haijakushika: hatua kwa hatua

Nauza dawa ku famasi hapa Kadutu, Bukavu, na maswali ni yale yale. Mutu anakuja kununua dawa ya tansio ya mama yake, anaitia mufukoni, alafu anasogea karibu anauliza kwa sauti ya chini: mimi navuta tano tu kwa siku, AVC inaweza kunishika? Kijana wa miaka 22 anauliza vepu (sigara ya umeme) haina moshi sasa inaharibu nini. Mwingine anataka sirop ya kusafisha mishipa, mwingine anauliza kama maziwa yanatoa nikotini. Nimeona heri niandike yote fasi moja ili usome pole pole, na umutumie kaka yako, shemeji yako, na yule motari anayekubeba kila asubui na sigara ikiwa kwenye vidole.

Jibu la tano kwa siku: ndiyo, inaweza. Ata moja. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa hesabu iliyokusanya tafiti 141, wakaona kwamba mutu anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba kama theluthi moja ya hatari ya AVC inayoongezeka kwa anayevuta 20, na kwa wanaume inapita hapo kidogo. Wengi wanafikiri ukitoka 20 ukafika moja umebakiza hatari ya moja kwa ishirini. Haiko hivo. Njo maana huu mwongozo hauko wa kupunguza, ni wa kufika sifuri.

Kidogo tu kuhusu AVC yenyewe

AVC, wengine wanaita kiharusi, ni damu kukatika kufika kwenye sehemu ya ubongo. Ao mushipa umezibwa na damu iliyoganda, ao mushipa umepasuka. Sigara inasaidia yote mbili. Nikotini inakimbiza moyo na kupandisha tansio, gazi ya kaboni (ile ile inayoua watu wakilala na mbabula ya makala ndani ya nyumba) inakamata fasi ya oksijeni kwenye damu, ukuta wa ndani wa mushipa unaumia na mafuta yanaanza kujishika pale, na damu yenyewe inakuwa rahisi kuganda. Utafiti mukubwa uliofanywa kwenye inchi 32 uliona kwamba vitu kumi tu njo vinaeleza karibu AVC 9 kwa 10, na tansio iko namba moja, sigara nayo iko kwenye orodha. Kwa hiyo mutu mwenye tansio ya juu ambaye pia anavuta, wewe njo nakuandikia sana sana.

Si uchawi na si karuho (sumu ya kuwekewa na mutu). Nasema mapema juu familia nyingi zinapoteza saa za maana zikitafuta nani amemuroga mugonjwa.

Vitu vya kuwa navyo mbele ya kuanza

- Daftari ndogo ao simu ya kuandikia.
- Fasi ya kupima tansio: famasi, kituo cha afya, ao jirani mwenye mashine ya mukono wa juu.
- Mutu mumoja tu unayemuamini, ambaye utamuambia ukweli.
- Vitu vya kushugulisha mudomo na mikono: karanga za kukaanga bila chumvi, karoti, chingamu ya kawaida, chupa ya maji.
- Kama unavuta mingi, pesa kidogo ya kando kwa ajili ya chingamu ao kiraka cha nikotini. Uliza kwanza bei ku famasi mbili tatu, na uliza kama inapatikana, si kila famasi inaweka.

Sirop ya kusafisha mishipa usitafute, haiko. Maziwa kunywa kama unapenda maziwa.

Hatua zenyewe

1. Andika sigara zako siku tatu, bila kubadilisha kitu. Kila unapowasha, andika saa, fasi, na ulikuwa na nani. Utashangaa. Wengi wanagundua kwamba nusu ya sigara zao hawakuzitamani, waliziwasha juu moto (pikipiki) ilikuwa inangoja klienti pale Nyawera, ao juu rafiki alitoa pakiti. Andika pia sigara ya kwanza unaiwasha dakika ngapi kisha kuamuka. Kama ni ndani ya dakika 30, mwili wako umefungwa na nikotini kabisa, na hiyo itatusaidia ku hatua ya 7. Wenye vepu nanyi mwandike, juu nyinyi hamuna ata pakiti ya kuisha, munavuta vuta tu siku nzima bila kuhesabu.

2. Pima tansio. Fanya vizuri: kaa dakika tano bila kuongea, miguu chini, mugongo umeegemea, mukono juu ya meza urefu wa moyo, na usiwe umevuta ao kunywa kahawa ndani ya dakika 30 zilizopita. Pima mara mbili. Ukiona 140/90 ao zaidi, rudia siku ingine, na ikibaki hapo nenda uone munganga. Ukiona 180/120 na kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri, kifua kinabana ao mukono umelegea, usingoje kesho.

Kosa ninaloona kila wiki: mutu anachukua vidonge vya tansio vya jirani. Tansio inaanguka ghafla, anazimia. Kosa lingine ni kuacha dawa juu "najisikia muzuri". Tansio haiumi, unaweza kujisikia muzuri mpaka siku inakuangusha.

3. Chagua siku, na iwe karibu. Ndani ya wiki mbili. Usichague siku ya arusi, usichague wiki ya matanga kama unaweza kuepuka, wala siku ya kulipwa. Andika tarehe kwenye ukuta. Kuanzia asubui ya siku hiyo ni sifuri: sigara sifuri, shisha sifuri, vepu sifuri.

4. Sema nyumbani. Si lazima utangaze ku kanisa nzima. Muambie yule mutu wako mumoja, na bibi ao bwana, kwamba siku mbili tatu za kwanza utakuwa na hasira bure na usingizi mubaya, wasikujibu kwa ukali na wasikuletee mashtaka ya nyumba wiki hiyo. Kama kuna mwingine anayevuta ndani, mukubaliane avutie inje mbali na mulango. Moshi wa mutu mwingine unapandisha hatari ya AVC kwa asilimia 20 hadi 30 kwa wale wanaoishi nao bila kuvuta wenyewe. Mama anayekaa kando ya mbabula kila jioni na bwana anayevuta kando yake, kifua chake na mishipa yake vinapokea vyote viwili.

5. Safisha usiku wa mwisho. Tupa zote. Pakiti, briké, sahani ya majivu, ile moja uliyoficha kwenye koti la moto. Fua koti. Wengi wanaweka moja "ya dharura", na dharura inafika siku hiyo hiyo saa kumi na mbili jioni. Vepu nayo itoke ndani ya nyumba, lakini usiitupe kwenye moto ao pale munachoma takataka: betri yake ni ya lisiamu, inalipuka. Na maji yake yenye nikotini ni sumu, mutoto akiyanywa kidogo tu ni kukimbia lopitali.

6. Siku ya kwanza mpaka ya tatu: pigana na dakika tano. Hizi njo siku ngumu kupita zote, kisha hapo kila wiki inakuwa nyepesi, na mwili unatulia kwa wiki mbili hadi nne. Tamaa ikikushika haikai siku nzima, inapanda, inafika juu, inashuka, mara nyingi ndani ya dakika chache tu ata ukikataa kuvuta. Angalia saa. Kunywa maji, kula karanga, tembea, piga simu kwa mutu wako, vuta pumzi ndefu. Ikirudi, unaangalia saa tena.

Badilisha barabara. Kama ulikuwa unanunua sigara moja moja kwa yule mama wa kiyoski ya kona, wiki hii pita upande mwingine, na kama haiwezekani, muambie "mama, nimeacha, usiniuzie". Nimeona wanaokataa kumuuzia mutu kisha kuambiwa hivo.

Kahawa. Hii watu hawaijui na inawatesa bure. Moshi wa sigara unalazimisha ini kuchoma kafeini haraka, sasa ukiacha kuvuta, kafeini ile ile inabaki kwenye damu muda murefu kupita zamani. Mutu anakunywa vikombe vyake vinne vya kila siku, moyo unapiga, mikono inatetemeka, hapati usingizi, anasema "kuacha sigara kunaniua", kumbe ni kahawa. Na sisi watu wa Kivu kahawa inatoka kwetu, Idjwi na Kalehe, hatuiachi. Basi punguza kwa nusu tangu siku ya kwanza, na usinywe kisha saa nane ya muchana. Kama unatumia insulini, ao dawa ya pumu ya aina ya aminofilini ao teofilini, muambie munganga wako unaacha kuvuta, juu kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kubadilishwa.

7. Nikotini ya famasi, kama umefungwa sana. Watu wananiuliza: sasa unaniondoa kwenye nikotini kwa kunipa nikotini? Ndiyo. Kiraka kinatoa nikotini pole pole bila gazi ya kaboni na bila moshi, mwili unatulia, wewe unashugulika na kuvunja tabia. Viraka na chingamu viko kwenye orodha ya OMS (shirika la afya la dunia) ya dawa za lazima tangu 2009.

Kama unavuta zaidi ya 10 kwa siku, kawaida ni kiraka cha miligramu 21 kwa wiki sita, alafu 14 kwa wiki mbili, alafu 7 kwa wiki mbili. Kibandike asubui kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, kesho fasi ingine. Ukiota ndoto mbaya, kitoe usiku.

Chingamu: kama sigara yako ya kwanza iko ndani ya dakika 30 kisha kuamuka, chukua ya miligramu 4, kama ni kisha hapo, chukua ya 2. Hii chingamu haitafunwi kama bonbon! Tafuna pole pole mpaka usikie inawasha, iweke kati ya shavu na fizi, ikipoa tafuna tena, karibu nusu saa. Wanaoitafuna haraka wanapata kwikwi na kichefuchefu wanaitupa wanasema ni mubaya. Na usinywe kahawa ao soda robo saa kabla, nikotini haitaingia vizuri.

Kuna pia vidonge, varenikilini na bupropioni, hivyo ni kwa ordonansi ya munganga, usinunue barabarani. Mwenye kifafa asiguse bupropioni. Aliyepata AVC ao mushtuko wa moyo juzi juzi aongee na munganga mbele ya kubandika kitu chochote.

Na kama huna pesa ya hivi vyote, usingoje. Watu wengi sana wameacha bila kiraka. Ni ngumu kupita, lakini inawezekana.

8. Nganda (baa) na marafiki. Wiki tatu za kwanza kaa mbali na pombe kama unaweza. Sisemi hivyo kama pasta. Ukiangalia daftari yako ya hatua ya 1 utaona mwenyewe: chupa ya pili inapofunguliwa njo sigara inawashwa. Ukialikwa, kaa upande wa wasiovuta, shika soda mukononi, ondoka mapema. Rafiki atakayekupulizia moshi usoni kwa kucheka, muambie wazi kwamba baba yako ana tansio na wewe hutaki kupooza. Ananyamaza.

9. Hesabu pesa. Sigara 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi. Zidisha na bei ya sigara moja ku kiyoski yako, andika hiyo franga kwenye daftari, na kila jioni weka ya siku hiyo kwenye kopo. Sipendi kusema mengi hapa, kila mutu anajua nyumbani kwake kunakosekana nini.

10. Kisha mwezi. Pima tansio tena na linganisha na ya hatua ya 2. Moyo unaanza kupiga pole pole tangu dakika 20 kisha sigara ya mwisho, gazi ya kaboni inashuka kwenye damu ndani ya saa 12, pumzi inaongezeka ndani ya wiki chache mpaka unapanda mulima wa Kadutu bila kusimama katikati. Hatari ya AVC yenyewe inachukua muda: OMS inasema kati ya miaka 5 na 15 inashuka kuwa kama ya mutu ambaye hakuvuta. Kila mwaka wa kungoja ni mwaka unaoongeza mbele.

Vepu: jibu refu kidogo

Nataka kuwa mukweli hapa juu vijana wanajua mutu akiwadanganya. Vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo lami na gazi ya kaboni za sigara haziko mule. Mutu aliyevuta miaka mingi akahamia vepu kabisa, sigara sifuri, anapokea sumu kidogo kupita zamani. Na tafiti zilizokusanywa na Cochrane, kundi la wataalamu wanaolinganisha tafiti za afya, zinaonesha vepu yenye nikotini imesaidia wavutaji kuacha sigara kupita viraka na chingamu. Hiyo ni kweli, siifichi.

Lakini angalia nani anayeniuliza kuhusu vepu hapa Bukavu. Ni nadra muzee wa pakiti moja kwa siku. Ni wanafunzi ambao hawajavuta sigara ata moja, wananunua ile ya kutupa yenye harufu ya embe. Kwao hakuna kitu kinachopunguzwa, kuna nikotini inayoingia kwenye mwili ambao haukuwa nayo. Na nikotini ya hizi vepu mingi ni ile aina inaitwa chumvi ya nikotini, haikwaruzi koo, mutu anaivuta nzito bila kukohoa. Soma pakiti: asilimia 2 ni miligramu 20 kwa kila mililita, asilimia 5 ni miligramu 50. Moyo unakimbia na tansio inapanda ata kama harufu ni ya embe.

Kundi la pili ni wanaochanganya: vepu ofisini, sigara jioni. Hawa wanajiona wamepunguza. Rudi juu usome ile hesabu ya sigara moja kwa siku. Ukichanganya umebaki na moshi, na nikotini umeiongeza.

Kuhusu usalama wa miaka mingi: vepu ya kwanza ilitoka China mwaka 2003, na mishipa inaharibika kwa miaka makumi. Mutu anayekuambia "vepu haileti AVC" anasema kitu ambacho muda haujatosha kukithibitisha. OMS ilipotoa mwongozo wake wa kuacha tumbaku mwaka 2024 ilishauri viraka na chingamu, varenikilini, bupropioni na sitisini, vepu haimo.

Kama uko ndani ya vepu tayari, hatua ni zile zile kumi. Kama inakushinda kusimama mara moja, nunua zenye nikotini ya chini kila baada ya wiki mbili, alafu weka siku ya sifuri. Na usirudi kwenye sigara ju ya kukimbia vepu, hiyo ni kwenda nyuma.

Shisha usiiache kando kwa kusema ni ya wikendi. Maji hayachuji sumu. Kikao cha saa moja kinaweza kukuvutisha moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja, na makala yanayowaka juu yanaongeza gazi ya kaboni yao. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda waliikataza tangu 2017.

Dada na mama, hii ni yenu

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili pamoja na sigara ni muchanganyiko mubaya kwa mishipa. Kama umefika miaka 35 na unavuta, vidonge hivyo si vyako. Kama una kichwa cha migreni kinachotanguliwa na kuona mianga ao mistari ya kukatakata mbele ya macho, usivitumie kwa umri wowote, na sigara usiiguse kabisa. Nenda kituo cha afya uombe njia ingine: kipandikizi, kitanzi, vidonge vya homoni moja. Usiache tu vidonge leo bila kupata ingine, utarudi na mimba hukuipanga. Najua wanawake wengi wanavuta kwa siri juu ya maneno ya watu, basi mbele ya muforoma (muuguzi) sema ukweli, yeye anatafuta dawa inayokufaa.

Dalili za AVC, musome wote ndani ya nyumba

Uso unaanguka upande mumoja akicheka. Mukono mumoja hauinuki ao unashuka wenyewe. Maneno yanavurugika, ao haelewi unachosema. Ata moja tu kati ya hizi, na ghafla, ni AVC mpaka munganga aseme hapana. Zingine ni kutoona ghafla, kuyumba, kichwa kuuma kwa nguvu ambayo hajawahi kuisikia.

Fanya hivi:

1. Angalia saa na uiandike. Munganga atauliza: mara ya mwisho alikuwa muzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapewa ndani ya saa 4 na nusu, na lazima skana (picha ya ndani ya kichwa) itangulie kuonesha kama mushipa umeziba ao umepasuka. Skana haiko kila lopitali, kwa hiyo uliza leo, kabla ya shida, iko wapi mujini.
2. Mulaze kwa ubavu kama amelegea ao anatapika.
3. Usimupe chakula, maji wala dawa. Koo inaweza kuwa imepooza, ataingiza kwenye mapafu. Aspirini pia hapana, kama mushipa umepasuka unaongeza damu kutoka. Dawa ya tansio ya kuishusha haraka nayo hapana.
4. Tafuta gari. Musimukalishe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, mutu aliyelegea upande mumoja anateleza, na nimesikia walioanguka barabarani.
5. Maombi muombe ndani ya gari mukienda. Chumba cha maombi kwanza na lopitali kesho, hapana.

Dalili zikipita zenyewe kisha dakika kumi, bado nenda siku hiyo hiyo. Hiyo ni AVC ndogo na kubwa inaweza kuifuata ndani ya siku chache. Na lopitali ikiwa haina dawa ya kuyeyusha bado kuna kazi kubwa ya kufanya: kupima sukari (sukari ikishuka inafanana kabisa na AVC), kuangalia kama anameza, kuzuia homa na vidonda.

Ukikwama

*Nilivuta moja jana kwenye matanga.* Usinunue pakiti. Andika saa na fasi, muambie mutu wako, endelea leo na sifuri. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa mbele ya kufaulu. Kosa ni kusema "nimekwisha haribu" na kumaliza wiki.

*Nakohoa kupita zamani.* Inatokea wiki za kwanza, kifua kinajisafisha. Ikipita mwezi, ao kuna damu, ao homa ya jioni na kukonda, nenda upime, hapa kwetu kifua kikuu kiko.

*Nanenepa.* Kilo chache, ndiyo, wengi. Punguza sukari kwenye chai na mandazi ya asubui, tembea. Hizo kilo hazifikii madhara ya sigara, usirudie ju yao.

*Tumbo limefunga.* Maji, mboga, sombe, papai. Inapita.

*Sipati usingizi.* Kahawa kwanza. Alafu kiraka cha usiku. Alafu simu kitandani.

*Niko na huzuni nzito, siyo hasira tu.* Ikipita wiki mbili, ao ukianza kufikiri kujidhuru, ongea na munganga, usibaki peke yako. Haimaanishi urudi kuvuta.

*Nina tansio na nimeacha kuvuta, naweza kuacha vidonge?* Hapana. Hivyo ni vitu viwili. Munganga njo anapunguza, na vipimo mukononi. Wewe punguza chumvi na vile vikubu vya supu, vimejaa chumvi.

*Nimekwisha pata AVC, kuacha sasa kuna faida gani?* Kuna, na kubwa. Aliyepata moja yuko karibu na ya pili kupita mutu mwingine yeyote, na kuendelea kuvuta kunaivuta. Acha kuanzia lopitali pale pale ukiwa kitandani, omba munganga akuambie kama kiraka kinakufaa, kunywa dawa zote alizoandika kila siku ata ukiona mukono umerudi, na waambie wanaokutembelea wasivute ndani ya chumba chako wala kwenye mulango.